Kambare kwenye bwawa la nyanda za baridi: pima maji kwanza, chakula baadaye

Kila ifikapo Juni na Julai, maofisa ugani wa nyanda za juu hupokea lalamiko lile lile: kambare hawakui. Mfugaji wa Njombe, Makete au Mufindi amechimba bwawa nyuma ya nyumba, kaagiza vifaranga Morogoro, analisha asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa, na miezi minane baadaye samaki bado wanaenea kwenye kiganja. Lawama zote anawatupia vifaranga. Mara nyingi vifaranga hawana kosa. Bwawa ni la baridi, na ratiba ya kulisha aliyokabidhiwa ilipangwa kwa ajili ya mtu wa Kibaha, kwenye joto la Pwani.

Tumtazame samaki mwenyewe kwanza. Kambare anayefugwa kwetu, Wakenya humwita kambale na wengi wa kanda ya Ziwa Victoria wanamjua kama mumi, ni yule mwenye kichwa bapa, sharubu nane na ngozi isiyo na magamba. Jina lake la kisayansi ni Clarias gariepinus. Kiasili anaishi kuanzia mto Orange kule Afrika Kusini, kupitia maziwa na mito yetu na bonde la Nile, hadi Israeli na kusini mwa Uturuki. Porini ameonekana akifikia urefu wa mita 1.7 na uzito wa kilo 60. Samaki aliyezoea kipupwe cha Afrika Kusini haogopi baridi ya Makete: anavumilia maji ya nyuzi 8 mpaka 35 za sentigredi. Ndiyo maana muuzaji wa vifaranga akikwambia kwamba kambare anaishi popote, hakudanganyi. Asichokwambia ni kwamba kambare hukua haraka maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30 hivi. Chini ya nyuzi 20 hamu ya kula inapungua, na chini ya 18 hata uzazi unasimama.

Sababu iko tumboni. Samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata joto la maji. Maji yakipoa, usagaji wa chakula unapungua kasi, na alichokula jana kinaweza kuwa bado hakijatoka tumboni leo. Ukimwongezea, ama atakiacha kizame na kuoza, ama atakila na kukitoa kikiwa nusu kimesagwa. Vyote viwili vinageuka amonia, sumu kwa samaki, ndani ya maji, na bakteria wanaoisafisha amonia hiyo nao wamepungua kasi kwa baridi ile ile. Mfuko wa chakula unaisha, samaki haongezeki, maji yananuka.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya wavu, ni kipimajoto. Kifunge kwenye kamba pamoja na jiwe dogo, kizame hadi nusu ya kina, kiache dakika chache, kisha kivute upesi ukisome kabla hewa haijakibadilisha. Pima alfajiri na pima tena saa tisa alasiri, uandike kwenye daftari. Ukiona nyuzi 25 na kuendelea, lisha asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa samaki wote kwa siku, wadogo wakipewa zaidi. Karibu na nyuzi 20, asilimia 1 au moja na nusu inatosha, tena mchana jua likiwa limeshapasha maji. Chini ya 18, kidogo tu, siku moja baada ya nyingine. Chini ya 15, weka ndoo ya chakula ndani ufunge mlango. Kambare mzima akikosa chakula wiki kadhaa za baridi hafi, atakonda kidogo tu.

Sasa kuhusu bwawa lenyewe, na hapa ndipo nina ugomvi wa kirafiki na wafugaji wengi wa milimani. Watu wanapenda maji yanayotembea. Wanachepusha kijito, maji yanaingia upande huu na kutoka upande ule usiku na mchana, na wanaona fahari kwamba bwawa ni safi. Kwa samaki aina ya trauti hilo ni sawa kabisa. Trauti ni samaki wa maji baridi yenye hewa nyingi, na ndiyo maana aliletwa kwenye mito ya milima ya Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa kambare ni hasara. Kile kijito kinatoka msituni na nyuzi 14 au 15, na kila saa kinasukuma nje maji ambayo jua lilishaanza kuyapasha. Kambare hahitaji mkondo huo kwa ajili ya hewa, kwa sababu juu ya matamvua yake kuna kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Ndiyo maana tunamwona akipanda juu, akigusa uso wa maji na kuzama tena. Ziba mfereji. Ongeza maji ya kufidia yanayopotea tu, na ubadilishe sehemu yake pale yanapoanza kunuka au kuwa meusi.

Kina cha mita 1.2 hadi 1.5 kinafaa, maana bwawa la kina kifupi hupashwa haraka mchana na kupoa haraka usiku. Lichimbe mahali penye jua kutwa, mbali na kivuli cha miti, na upande wa upepo weka ukuta au ua wa matete. Turubai jeusi la bwawa husaidia kushika joto. Anayeweza kujenga kibanda cha nailoni juu yake, kama kile cha nyanya, atapata nyuzi kadhaa za ziada, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo fedha inayorudi mapema kuliko zote. Nailoni isilale juu ya maji, kwani samaki huyu akikosa njia ya kufika juu anaweza kukosa pumzi.

Jenga ukingo unaozidi usawa wa maji kwa nusu mita, na juu yake weka uzio wa wavu au bati. Usiku wa mvua za kwanza kambare hutoka bwawani, akijisukuma kwa miiba ya mapezi ya kifuani, na asubuhi unamkuta kwenye mahindi ya jirani. Uzio huo huo utazuia kenge na fisi maji.

Kalenda ndiyo rafiki mkubwa wa mfugaji wa baridi. Weka vifaranga Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, joto linapopanda, ili miezi yote ya kukua ipite kabla ya Juni. Nunua wenye gramu 10 au zaidi hata kama bei inauma. Usitegemee kuwazalisha mwenyewe. Kambare ni nadra kutaga kwenye bwawa dogo bila sindano ya homoni, dume huuawa ili kupata mbegu zake, na mayai yanayoanguliwa kwa takriban siku moja kwenye nyuzi 28 huchukua zaidi ya siku mbili kwenye nyuzi 20. Kazi hiyo waachie watotoleshaji wa maeneo ya joto, vikiwamo vituo vya serikali kama Kingolwira, Morogoro. Samaki hao watasafiri katika maji ya nyuzi 27 au 28 na kufika kwenye bwawa lako la 19. Elea mfuko juu ya bwawa nusu saa, kisha ingiza maji ya bwawa kikombe baada ya kikombe mpaka kipimajoto kionyeshe tofauti ya nyuzi moja au mbili tu. Wanaomwaga mfuko papo hapo ndio wanaookota mizoga siku ya pili.

Idadi iwe ya kiasi: watatu hadi watano kwa mita moja ya mraba. Bwawa la mita nne kwa tano libebe samaki 60 hadi 100.

Sasa jambo linalowashtua wengi. Kambare ni mla nyama, na nyama ya kwanza iliyo karibu naye ni ndugu yake. Umeweka mia moja, baada ya mwezi unahesabu sitini, na hakuna mzoga hata mmoja unaoelea. Wale wadogo kabisa huanza kumla mwenzao mkiani. Wakishavuka sentimita nne au tano, humeza kichwa kwanza, mzima mzima. Ukivuta wavu unaweza kumkuta mmoja tumbo limejaa pomoni, na mkia wa mwenzake bado unachungulia mdomoni. Mla wenzake hukua haraka kuliko wote, na kadiri anavyokua ndivyo wengi zaidi wanavyomwenea kinywani. Dawa ni kuchambua. Kila baada ya wiki mbili katika miezi miwili ya mwanzo, vua, mwaga kwenye beseni pana lenye maji, toa waliopitiliza na uwaweke peke yao. Kwa wadogo hao, kivuli kwenye kona moja ya bwawa husaidia pia, kwani mwanga mkali huwazidishia ukali. Fanya kazi hii miezi ya joto. Kumshika samaki kwenye baridi humchubua ute, na kidonda hicho huota ukungu mweupe ambao hupona kwa shida.

Tabia hiyo hiyo unaweza kuitumia. Ukiwa na perege wanaozaliana mpaka bwawa linajaa vidagaa, weka kambare wachache walio wadogo kuliko perege wazazi, nao watakula watoto. Kumbuka tu kwamba sato na perege wanashindwa na baridi mapema zaidi. Sato hufa maji yakishuka hadi nyuzi 11 au 12.

Chakula cha kukuzia kiwe na protini asilimia 30 hadi 35, na vifaranga wapewe 40 au zaidi. Pumba peke yake haitoshi. Changanya na dagaa na mashudu. Utumbo wa kuku unafaa ukichemshwa. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa mfukie.

Kuna wanaouliza kama waagize kambare wa Ulaya, yule Silurus glanis anayepita mita mbili na kuvumilia barafu. Jibu ni hapana. Kuingiza samaki hai nchini bila kibali ni kosa, na huko Hispania alipopandikizwa kwenye mto Ebro mwaka 1974 hajawahi kuondoka tena.

Mwezi Mei, vua. Acha kulisha siku moja au mbili kabla ili matumbo yawe matupu, punguza maji, kisha ingia na beseni, kwa kuwa kambare hujichimbia kwenye tope na wavu hupita juu yake. Wahamishie kwenye simtanki la maji safi kwa siku mbili tatu, watoke harufu ya tope. Walio chini ya nusu kilo wabakize bwawani wasubiri Septemba, bila kuwalazimisha kula.