Mtoto anayeficha chakula si mwizi

"Anakula sawa na watoto wangu, lakini bado ananiibia." Nayasikia maneno hayo karibu kila mafunzo ya familia za kupokea watoto waliotelekezwa hapa Goma, iwe Ndosho au Majengo. Mama ameinua godoro akakuta kipande cha bugali kimekauka na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zimefungwa kwenye mfuko, sisimizi wamejaa. Fimbo inafuata. Au inafuata adhabu ninayoichukia kuliko zote: kulala bila kula.

Wazazi, narudia tena. Mtoto aliyetelekezwa alijifunza mapema kwamba kula leo si kula kesho. Aliishi na mtu mzima aliyempa akipenda, akamnyima akipenda, na kuficha ndiko kulikomwokoa. Kwako sahani imejaa, ila mwili wake haujaamini. Wengine hula mbiombio mpaka watapike, wengine hawatambui kwamba wameshiba. Ukimnyima chakula, umemwonyesha kwamba alifanya vema kuficha.

Mpe kopo lake lenye mfuniko. Tia ndizi, karanga au mkate, na mtu mwingine wa nyumba asiliguse. Likiisha, jaza bila maswali. Mnaniambia watoto wengine watalalamika: wapeni na wao, kopo si ghali. Chakula kiwe saa zilezile hata kikiwa kidogo, na siku unga umepungua, mwambie wazi, "Leo tutakula mara moja, jioni." Usimwache abahatishe. Na jina la mwizi lisitamkwe kabisa, hasa mbele ya wenzake. Hii ni kazi ya miezi, kwa wengine zaidi. Siku kopo litakapolala bila kuguswa, ujue ameanza kutulia.

"Hasumbui, amenyamaza, basi amepona." Hapana. Mtoto anayetii kila neno na halii hata akiumia ndiye ninayemtazama kwanza. Huenda alishajua kwamba akilia haji mtu.

"Anakojoa kitandani, ni ndoki, yaani mchawi, tumpeleke kwenye chumba cha maombi." Kukojoa kitandani ni jambo la kawaida kwa mtoto aliyepitia hofu kubwa. Badilisha shuka bila kelele. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamlinda mtoto anayesingiziwa uchawi, na anayemtesa kwa kisingizio hicho anaadhibiwa.

"Akisema alibakwa, tumhoji kwanza tujue kama ni kweli." Hii inanikasirisha, kwa sababu maswali yanakula muda wa dawa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Za kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Mwambie, "Nakuamini, si kosa lako," kisha mwende hospitali, asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Muda ukiwa umepita, nendeni vilevile: majeraha na magonjwa mengine yanatibiwa. Usimwahidi siri, mjulishe asistanti sosiali, yaani mfanyakazi wa ustawi wa jamii, anayefuatilia familia yenu siku hiyohiyo. Na wakija wazee wa upande wa aliyetuhumiwa na mbuzi ili mambo yaishe kati ya familia, mbuzi arudi nao.