Je, wajua kwa nini wachanjaji wa mbwa huridhika na saba katika kumi?

Shangazi yangu wa Gungu, mjini Kigoma, ana mbwa anayeitwa Mtanikoma. Jina ni la mbwa, ila wanaoambiwa ni majirani, na kila jioni akiitwa kuja kula ugali na vichwa vya migebuka ujumbe unafika. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa nilimsindikiza shangazi, maana mbwa yule ana nguvu na kamba yenyewe ilikuwa ya katani, imechakaa. Chini ya mwembe palikuwa na meza, daftari, boksi lenye barafu, na foleni ya mbwa wanaokoromeana. Kijana wa daftari akauliza jina la mbwa. Shangazi akalitaja kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, foleni ikaangua kicheko. Mama aliyekuwa nyuma yetu, mwenye mbwa aitwaye Hayakuhusu, hakucheka.

Sindano yenyewe ni ya kufumba na kufumbua. Daktari alivuta ngozi ya mgongoni karibu na shingo, akachoma, basi. Kisha kila mbwa akafungwa utepe mwekundu shingoni. Jioni, alieleza, vijana wawili watapita mitaani wakihesabu mbwa wenye utepe na wasio nao.

"Tukikuta saba katika kila kumi wanao, tumeshinda," akamwambia shangazi.

"Na hao watatu waliobaki, mwanangu, si ndio watakaotuua?"

Watu wengi hujiuliza hivyo hivyo wasiseme. Jibu lake ndilo linaloonyesha kwa nini mashirika ya kutetea wanyama hufanya kazi kwa namna ambayo wengine huiona ya ajabu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa hupita kwenye mate, na dalili zikishamtokea binadamu kupona ni jambo la nadra mno. Makadirio ni kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Ukisikia hivyo unadhani mbwa mmoja mgonjwa huwaambukiza wenzake ishirini. Sivyo. Watafiti waliofuatilia mbwa mmoja mmoja katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, nani kamuuma nani, waligundua kwamba kwa wastani mbwa mgonjwa huambukiza mbwa mmoja na kidogo tu. Wengi huugua siku chache wakafa bila kumuuma mwenzao. Wachache ndio hutembea mbali na kuuma wengi, na habari zao ndizo zinazovuma.

Kwa hiyo mnyororo wa ugonjwa huu ni mwembamba. Ukiufanya wastani ule wa mmoja na kidogo ushuke chini ya mmoja, unakatika. Kwa hesabu kavu, kuchanja mbwa wawili au watatu katika kumi, kuzidi kidogo mahali pengine, kungetosha. Wale wasiochanjwa wanakingwa na wenzao, kwa sababu mbwa mgonjwa akiingia mtaani baadhi ya anaowakuta njiani wana kinga, na ugonjwa unaishia kwao. Basi hao watatu wa shangazi si hatari kama anavyodhani.

Sasa kama wachache wanatosha, saba ya nini?

Ni kwa sababu mbwa wetu hawadumu. Mbwa wa Gungu au wa Mwanga hagongi umri wa yule wa kwenye picha za kalenda, aliyelala juu ya zulia. Kuna bodaboda, kuna minyoo, kuna sumu ya panya, kuna panga la mwenye kuku, kuna miezi ambayo hata binadamu ndani wanakula mlo mmoja. Wengi hawafikishi miaka minne. Na wakati hao wanakufa, majike wanazaa, na mtoto wa mbwa aliyezaliwa baada ya siku ya chanjo hana kinga yoyote ya kudumu. Chukua mtaa wenye mbwa 100. Leo umechanja 70. Tuseme ndani ya mwaka mmoja 28 kati ya hao wamekufa na nafasi zao zimejazwa na vitoto. Wenye kinga wamebaki 42. Bado uko juu ya mstari, yaani ule wa wawili au watatu katika kumi. Lakini kama ulichanja 40 ukaridhika, wamebaki 24, na hapo mstari uko miguuni pako au umeshauvuka. Saba katika kumi ni akiba ya kufikia chanjo ya mwakani, kama mtu anayeweka mahindi ghalani akijua panya watakula yao.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini daktari hakuishia kwenye sindano. Alimpa Mtanikoma dawa ya minyoo. Alimkagua masikio, akamng'oa kupe wawili wanene kama punje za maharage. Halafu akaikunjua ile kamba, akamwonyesha shangazi kidonda ilichokuwa imekichimba chini ya manyoya. "Mama, hii inakata. Mfungie kitambaa kipana." Nyuma yetu alikuja mtoto wa kiume amebeba ndoo yenye vitoto vitatu vya mbwa, akauliza kama ni vidogo mno. Akaambiwa avilete hapo hapo. Watu wengi huacha watoto wa mbwa nyumbani wakidhani umri wao haujafika, na hao ndio wanaokuja kujaza nafasi za waliokufa.

Kila mbwa anayetibiwa minyoo na kidonda akaishi mwaka zaidi, chanjo yake inaishi naye. Kila jike anayefungwa kizazi anapunguza idadi ya wapya wasio na kinga. Ndiyo maana swali la "watu hawana dawa, nyie mnatibu mbwa?" naliona limekosewa tangu mwanzo. Fedha inayotumika kwa mbwa wa shangazi inamlinda mtoto wa jirani, hata yule ambaye mama yake hasalimiani na shangazi.

Wazo la kumsaidia mnyama kwa kumsaidia anayemfuga si jipya. Mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, mama mmoja wa Uingereza aitwaye Maria Dickin alifungua zahanati ya wanyama katika chumba cha chini ya ardhi huko Whitechapel, mtaa wa makabwela mashariki mwa London. Matibabu yalikuwa bure. Alikuwa ameona kwamba maskini wanawapenda wanyama wao, ila hawana cha kumlipa daktari. Shirika alilolianzisha, PDSA, lipo hadi leo. Kwetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilipitishwa mwaka 2008, lakini sheria haimtibu mbwa kidonda. Inabaki kazi ya maofisa mifugo na mashirika yanayojitolea, na ya shangazi.

Njia nyingine, inayoonekana ya haraka, ni kuwaua mbwa wanaozurura. Kisiwa cha Bali, Indonesia, kilijaribu. Ugonjwa ulipoingia mwaka 2008 mbwa wengi waliuawa, na bado ukasambaa kisiwa kizima. Ulianza kurudi nyuma baada ya chanjo ya halaiki kuanza mwaka 2010. Sababu ni ile ile ya hesabu ya ghalani. Ukiua bila kuchagua, unawaua na waliochanjwa, na mwenye boma ambaye bado anahitaji mlinzi anatafuta kitoto kingine kisicho na kinga. Isitoshe, wengi tunaowaita mbwa koko wana wenyewe, wanajulikana hadi majina. Ujiji, ambako mate ya mbwa ni najisi na wengi hawafugi, mzee mmoja alinikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Najisi ni ya kuosha, alisema yule mzee, haijawahi kuwa ruhusa ya kumpiga mawe.

Kwamba chanjo inaweza kuumaliza ugonjwa, Pemba wamelionyesha. Kichaa cha mbwa kilikuwepo, wakachanja, kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, wakachanja tena, na kufikia mwishoni mwa 2018 kilikuwa kimeondoka. Kigoma ni kazi kubwa zaidi. Tuna mpaka na Burundi, na maboti yanavuka ziwa kwenda na kurudi Kongo, na mbwa haonyeshi pasi. Joto nalo lilikuwa kikwazo, kwani chanjo ilitakiwa kukaa kwenye friji muda wote. Utafiti uliofanywa na watafiti waliopo Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo iliyokaa miezi 3 kwenye nyuzi joto 30 bado ilimkinga mbwa vizuri. Baadaye vikajaribiwa vyombo vya udongo vinavyopoozwa na maji, kwa akili ile ile ya mtungi wa bibi, ili chanjo ipatikane kijijini wakati wowote wa mwaka badala ya kungoja gari la wilaya.

Na mbwa akikuuma, hata awe wa nyumbani: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, usipake mafuta ya taa wala pilipili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili huweza kuchukua wiki au miezi kutokea, na nafasi ya kuchomwa sindano ni kabla hazijatokea.

Jioni wale vijana wa kuhesabu walifika kwetu. Mtanikoma alikuwa kalala mlangoni, shingo tupu, na mjukuu wa shangazi alikuwa akikimbia uani na utepe mwekundu kichwani. Kijana akaandika kwenye daftari: hana. Shangazi akatoka na kadi ya chanjo mkononi na kanga moja kiunoni, akawafuata mpaka kona ya duka, akiita jina la mbwa wake kama ushahidi. Mama wa Hayakuhusu akafunga dirisha.