Waya wa pampu ya kisima: yanayosemwa na yaliyo kweli

Oktoba iliyopita, Msalato, Dodoma, nilikuta kandambili kuukuu zimewekwa pembeni ya koki ya uani. Nikamuuliza mama mwenye nyumba ni za nani. "Za yeyote anayechota, fundi. Ukigusa koki peku inarusha." Walikuwa wameishi hivyo wiki tatu, watoto wakikumbushwa kila asubuhi. Breka haikuwa imeanguka hata mara moja, na hilo ndilo lililowafanya waamini kwamba tatizo ni dogo.

Naanza na imani hiyo kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko zote: breka ipo, basi tuko salama. Breka inalinda waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Chukua breka ya ampea 20. Pampu imevujisha umeme, na umeme huo hauna njia ya kurudi ila udongo, tuseme wenye ukinzani wa omu 20. Volti 230 ukigawa kwa 20 unapata ampea 11 na nusu. Kwa breka huo ni mzigo wa kawaida, itakaa juu mchana na usiku. Mtu naye anahitaji makumi machache tu ya miliampea yapite kifuani ili moyo uvurugike.

Kinachomlinda mtu ni RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaokwenda kwenye pampu na ule unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata kabla theluthi moja ya sekunde haijaisha. Kwetu huku jambo hili ni zito zaidi. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo udongo unakauka, na ukinzani wa fimbo ya erthi, ile ya chuma inayochomekwa ardhini, unapanda. Erthi iliyopimwa Februari si ile ya Oktoba. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinataka ukinzani wa erthi ukizidishwa na kiwango cha RCD usivuke volti 50. Piga hesabu uone: RCD ya miliampea 30 inaweza kukata hata erthi ikiwa dhaifu kiasi cha omu 1,600. Hakuna breka inayofanya hivyo.

Lakini RCD haikupi ruhusa ya kuacha waya wa erthi. "Pampu imelala majini, erthi ya nini tena?" Haya nimeyasikia hata kwa mafundi wenzangu, na nia ni kuokoa bei ya uzi mmoja wa kebo. Maji ya kisima, hata yale ya chumvi, hayapitishi umeme vizuri kama shaba. Mwili wa pampu ukipata umeme, bomba la chuma linaupandisha hadi koki, na wa kwanza kugusa ndiye anakuwa waya wa erthi. Kanuni za umeme za Marekani, kifungu cha 250.112, zimelisema wazi: pampu ya kuzamisha iungwe na waya wa erthi wa saketi yake, na kama kisima kimevikwa bomba la chuma, bomba hilo nalo liungwe.

Kuna wanaoamini pia kwamba waya laini wa pampu unaweza kuendelea tu: utoke kisimani, uzikwe uani, utobolewe ukutani mpaka kwenye swichi. Kanuni hizo za Marekani, kifungu cha 400, zinakataza waya laini ushike nafasi ya waya wa kudumu, na zinakataza usifichwe ukutani wala darini. Zinauruhusu pale kifaa kinapohitaji kutolewa kwa matengenezo, na pampu ni kifaa cha namna hiyo. Kwa hiyo waya laini uishie mdomoni mwa kisima, ndani ya boksi lisiloingiza maji, lililoinuliwa juu ya usawa wa ardhi. Kutoka pale hadi nyumbani izikwe kebo yenye deraya ya chuma. Wenye mashamba ya zabibu kule Hombolo wanajua jembe linavyofanya kwa waya uliozikwa sentimita 10. Panya na mchwa nao hawachagui.

Unene wa waya je? Watu huangalia nguvu ya pampu na kusahau urefu. Pampu inayovuta ampea 10, kisima cha mita 100, na mita 40 hadi kwenye breka: umeme unasafiri mita 280, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba unapoteza karibu volti 20, zaidi ya asilimia 8. BS 7671 inaruhusu asilimia 5 kwa mizigo kama hii. Wa 4 bado unavuka kidogo, wa 6 ndio unaotosha. Mota inayokosa volti huvuta ampea zaidi, inapata joto, na hatimaye inaungua. Mwenye nyumba anailaumu pampu.

Na si kila waya uliovaa mpira unafaa majini. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake. H07RN-F ni mpira mgumu wa kazi nzito, H07RN8-F umetengenezwa kwa kukaa majini. Kwa kisima kirefu tumia kebo bapa ambayo mtengenezaji wa pampu ameitaja. Waya mweupe wa ekstensheni usiushushe kisimani hata kwa siku moja.

Pale Msalato tulivuta pampu juu. Kwenye maungio, solotepu ilikuwa imevimba na kulegea, na shaba ndani yake imegeuka kijani. Maungio ya kisimani yanafungwa kwa mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani, au kwa kifaa cha kumimina rezini. Solotepu peke yake haizuii maji. Waya wenyewe pia ulikuwa umevutika, kwa sababu pampu ilishushwa ikining'inia kwenye waya badala ya kamba.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, umwombe akuonyeshe leseni hiyo. Kishoka, fundi asiye na leseni, bei yake ni rahisi, lakini akishaondoka huna wa kumuuliza. Fundi wako akimaliza, mwambie awashe pampu, maji yakitoka abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD mbele yako. Pampu izime papo hapo. Isipozima, kazi haijaisha, na hela ibaki mfukoni.