Glasi ya mate haipimi fangasi

Juzi mama mmoja wa Makorora alikuja dirishani kwangu na glasi ya maji aliyoifunika kwa kisahani. Alfajiri, kabla hajapiga mswaki, alitemea mate humo akaona nyuzi nyeupe zinashuka. Aliyemfundisha kipimo hicho ndiye aliyemuuzia na dawa, dozi ya mwezi mzima, ya kutoa "fangasi wa damu". "Niangalizie, mwanangu," akaniambia, "nasikia wakikaa sana hupanda kichwani."

Huu ni mwaka wangu wa 19 maabara hapa Tanga, na glasi hiyo nimeletewa mara nyingi mno. Mate yana ute. Usiku yanakuwa mazito, na ukiyatia majini ute unashuka, vipovu vinabaki juu. Mtoto mwenye afya yake naye atatoa nyuzi hizo hizo. Habari ya glasi imeishia hapo.

Fangasi wa damu wapo kweli, na ndiyo maana jina hilo kuuzwa hovyo kunanichoma. Kandida, aina ya fangasi, wakiingia kwenye damu, mgonjwa mara nyingi yuko ICU, wodi ya mahututi, na mpira kwenye mshipa mkubwa, au ni kichanga njiti. Homa haishuki, presha inaanguka, na wengi hufariki hata wakipewa dawa. Mgonjwa huyo haji dirishani kwa miguu yake kulalamikia uchovu na tumbo kujaa gesi.

Lakini uchovu wa watu ni wa kweli, siudharau. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanawake 42 waliodhaniwa kuugua kwa sababu kandida wamewazidi mwilini. Walipewa nistatini, dawa ya fangasi, kwa zamu na dawa bandia, yaani isiyo na kiini cha dawa ndani. Dalili za ukeni zilipungua kwa nistatini. Dalili za mwili mzima na za moyo kuwa mzito hazikupungua zaidi kuliko kwa dawa bandia. Basi uchovu ule ulikuwa na chanzo kingine, na anayekuuzia dozi ya mwezi anakuchelewesha kukijua.

Sasa hamira. Mama huyu anapika mahamri, na miezi miwili hajala hata moja kwa sababu kaambiwa hamira ni fangasi, inakwenda kuwaongezea nguvu wenzao tumboni. Hamira ni fangasi, sawa, ila si kandida, kama vile papa na changu wote ni samaki lakini papa hazai changu. Tena ukitia hamri kwenye mafuta ya moto, hamira inakufa. Kinachofaa kuogopwa kwenye hamri ni sukari na mafuta, na kwa mtu mwenye kisukari hilo ni jambo kubwa, lakini ni hesabu nyingine kabisa. Nimeona wajawazito wameacha mkate, maziwa, ndizi na embe kwa ajili ya hofu hii, wanakuja wingi wa damu umeshuka. Hapo hasira hunipanda.

Kandida wanaishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wasioumwa chochote. Katika kila wanawake 100 wasio na dalili, kati ya 10 na 20 wanao ukeni. Wanatulia kwa sababu bakteria wazuri na kinga ya mwili vinawabana. Vikilegea, wanazidi: antibiotiki, ujauzito, kisukari, VVU, dawa za steroidi. Watu wanang'ang'ania kuuliza "ninao au sina?" Swali lenye faida ni nini kimewafungulia mlango.

Na hapa nikiri jambo linalonisumbua kazini. Nikiona chembe za fangasi kwenye hadubini naandika "wameonekana", na karatasi hiyo inasomwa kama hukumu, hata kwa mwanamke asiye na muwasho wala uchafu kama maziwa ya mgando. Anatibiwa kitu kisichomsumbua. Upande wa pili, slaidi inaweza kuwa safi na bado mwanamke anao, kwa sababu hadubini huwakosa wengi. Maelezo ya mgonjwa mara nyingine yananizidi mimi na hadubini yangu, kwa hiyo mwambieni tabibu kila kitu, msione haya. Ndimu, siki na kitunguu saumu msiviweke ukeni; vinaunguza, na ngozi iliyoungua nayo inawasha.

Yule mama, nilipomsikiliza, alisema anaamka usiku mara nne kukojoa, kiu haiishi, na muwasho ukeni unarudi kila akimaliza dawa. Nikampeleka kwa tabibu, akarudi na fomu. Sukari ya damu ilisoma 18 mmol/L. Sukari ikiwa juu hivyo hutokea mpaka kwenye mkojo, kandida wanapata chakula na kinga inalegea. Tiba yake imeanzia kliniki ya kisukari.

Wapo ambao sukari yao ni nzuri, VVU hawana, antibiotiki hawajagusa, na fangasi wanarudi mara tatu, nne kwa mwaka. Dada mmoja wa Chumbageni yuko hivyo, na sababu yake sijaipata. Kumeza flukonazoli, kidonge cha fangasi, kila mara kwa kubahatisha simshauri, maana kuna jamii za kandida zisizosikia dawa hiyo. Nimemwomba aje wakati dalili zimepamba moto, kabla hajatumia chochote, nichukue sampuli ikaoteshwe tujue ni kandida gani.