"Kiti ni kiti tu, fundi"

Wiki iliyopita Subaru ya bluu ilisimama mbele ya banda langu la kushona viti vya magari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kijana akashuka na picha kwenye simu: viti vyeusi, uzi mwekundu mara mbili kwenye kila mshono. Nikainama kusoma kilebo kilicho ubavuni mwa kiti cha dereva, nikamwambia picha yake siwezi kuishona yote. Akacheka. "Fundi, kiti ni kiti tu. Mbona Altezza ya mshikaji wangu uliipiga safi?" Sentensi hiyo nimeisikia mwaka huu mpaka imenichosha, kwa hiyo naiandikia hapa mara moja, anayekuja aje ameshasoma.

Kilebo kile kinasema SRS AIRBAG. Ndani ya ubavu wa kiti, upande wa mlango, kuna eabegi, yaani mfuko wa hewa unaojaa ghafla gari likigongwa, imekunjwa. Ukigongwa kwa mbele, boneti lote linajikunja kabla balaa halijakufikia. Ukigongwa ubavuni, kati ya mlango na mbavu zako kuna nafasi ya kiganja tu, ndiyo maana eabegi hiyo inatakiwa iwe imejaa ndani ya takriban milisekunde 20. Inatokea kwenye mshono. Kiwandani mshono ule unashonwa kwa uzi na hatua ya sindano vilivyopimwa ili uchanike palepale, na magari mengi yana kitambaa cha ndani kinachouelekeza mfuko uje hapo. Sasa chukua uzi wa nailoni, ule unaoshonea turubai za malori yaendayo Tunduma, upitishe mara mbili juu ya mshono huo kwa sababu picha ya simu imependeza. Mfuko utachelewa, au utatafuta upenyo mwingine kupitia sponji, na wewe ndiye uliyeegemea sponji. Siti kava ya kuvalisha kiti kizima ina kosa hilohilo.

Na Altezza ya mshikaji? Viti vyake havikuwa na eabegi za pembeni. Nilikagua kwanza. Gari zinazofanana kwa nje zinatofautiana hata kwa toleo, ndiyo maana naangalia kiti kilichopo mbele yangu, siangalii jina lililo kwenye buti.

Kinachoniudhi zaidi ni nyaya za njano chini ya kiti, zile za eabegi. Kijana anafunga viti vingine, taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi, anaenda kwa mtu anayemwekea rizista ndogo, kipande cha kuzuia umeme, kwenye soketi ya njano, taa inazimika. Anarudi kwangu akitamba kwamba "tumeitibu". Mmeiziba mdomo! Kompyuta inasoma ukinzani ule na kuamini eabegi ipo, kumbe hapo kuna kipande cha shilingi mia kadhaa. Ukiuza gari hilo, anayenunua anaona dashibodi safi na kuamini amepata kinga kamili.

Kwangu utaratibu ni huu, na ukiona nachelewa kuanza usinune. Natoa kichwa hasi cha betri, halafu nakaa. Vitabu vya Toyota vinataja angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi za eabegi. Mimi nakunywa chai kabisa. Nyaya za njano sizipimi kwa mita, maana umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua. Halafu nabadilisha sehemu ya katikati, ya kichwa, na ubavu wa ndani. Kipande cha ubavu wa mlangoni nakiacha kilivyotoka kiwandani pamoja na mshono wake. Rangi ikigombana, nakipaka rangi ya ngozi ifanane. Asiyetaka hivyo, mafundi wapo wengi mjini.

Mengine ninayoambiwa na wateja nayamaliza haraka.

"Bucket seat ni salama kuliko kiti cha kawaida." Hicho ni kiti cha mashindano chenye mabega ya kukubana. Kwenye rali, ndiyo, pamoja na mkanda wa pointi nne au sita na keji ya vyuma. Kwenye gari la kwenda Uyole na kurudi, mabega ya kiti hicho mara nyingi yanaunyanyua mkanda wa kawaida, unakaa tumboni badala ya kushika nyonga. Na bakoli ya mkanda, pale unapouchomeka, kwenye magari mengi, imefungwa kwenye fremu ya kiti cha zamani. Ukikitoa, imeondoka nacho. Nimeshaona imerudishwa kwenye sakafu kwa bolti laini ya geti. Angalia kichwa cha bolti: isiyo na namba ya ugumu 8.8 au 10.9 mimi siifungi. Wanaofunga mikanda ya mashindano, kamba za mabega zielekee nyuma, zisishuke zaidi ya digrii 45. Ukizifunga sakafuni nyuma ya kiti, siku ya ajali zitakukandamiza uti wa mgongo.

"Nataka ngozi ya Alcantara." Alcantara si ngozi. Ni kitambaa cha poliesta na poliuretani, kilichobuniwa na kampuni ya Toray ya Japani mwaka 1970 na kinachotengenezwa Italia. Kizuri, hakitelezi, ila kinashika jasho na vumbi, na vumbi letu la Agosti mnalijua. Hicho unachouziwa kwa bei ya kitenge ni kitambaa cha makochi.

"Leza ni leza." Ipo ya ngozi na ipo ya plastiki. Omba kipande cha pembeni, kichome. Ngozi inanuka nywele, plastiki inanuka plastiki na kudondoka.

"Mafuta ya mgando yanalainisha." Ngozi ya gari imefunikwa na rangi ngumu juu, mafuta hayapiti, yanabaki kukusanya vumbi. Kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo kinatosha. Kinachoipasua zaidi ni jua. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, baridi inatudanganya lakini mionzi ni mikali. Funika kioo.

"Kiti kimelegea, ninunue kipya." Mara nyingi ni sponji ya ubavu tu, iliyolala kwa sababu kila ukipanda unaikalia kwanza. Naikata, nabandika sponji nzito (ya godoro hapana, inalala ndani ya mwezi), fremu yako halisi inabaki na bakoli yako inabaki. Ushauri huu unaniingizia hela kidogo kuliko kuuza viti, na bado ndio ninaoutoa.

Yule wa Subaru alirudi Jumamosi. Tukabishana kuhusu uzi mwekundu hadi saa kumi. Nimemwekea katikati, kwenye vichwa, na kiti chote cha nyuma baada ya kukikagua. Ubavu wa mlangoni umebaki mweusi. Aliondoka akisema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, ila nusu ya bei ya uzi aliikata.