Darasa la wajawazito ni nini, na baba anaenda kufanya nini huko?

Darasa la wajawazito ni vipindi ambavyo mkunga au nesi anakaa na wajawazito pamoja na wenza wao, anawafundisha mimba inavyokwenda, uchungu unavyoanza, mtoto anavyotoka na zile siku za mwanzo za kumlea zinavyokuwa. Ni tofauti na kliniki. Kliniki unapimwa presha, uzito, mkojo, wingi wa damu, VVU na kaswende, unapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya SP ya kukinga malaria, wanakuandikia kwenye kadi unarudi nyumbani. Darasani unafundishwa, unauliza mpaka uelewe, na vitu vingine mnafanya kwa vitendo palepale.

Watu wanachanganya hivi viwili kwasababu kwenye vituo vyetu vingi vya serikali somo linatolewa siku hiyohiyo ya kliniki, asubuhi kabla ya vipimo, kina mama wako kwenye mabenchi nesi kasimama mbele anaongea, foleni ndefu na wengine ndo kwanza wanafika. Hilo nalo ni darasa na msilidharau, fikeni mapema mlisikilize. Ila kwa mimba ya kwanza mara nyingi halitoshi, muda ni mdogo na maswali ya aibu hakuna anayeyauliza mbele ya watu arobaini. Ndo maana baadhi ya hospitali, hasa za binafsi, zina darasa linalojitegemea, mnajiandikisha mnaenda siku kadhaa mkiwa kikundi kidogo, na siku hizi kuna wakunga wanafundisha kwa WhatsApp na Zoom pia. Kama mnasoma na mkunga wa mtandaoni hakikisheni ni mkunga kweli mwenye leseni, na darasa lake halifuti kliniki hata moja. Shirika la Afya Duniani toka 2016 linashauri mjamzito aonwe na mhudumu angalau mara 8, na ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo.

Sasa baba. Wanaume wengi wanakwenda kliniki siku ya kwanza tu kwasababu mama kaambiwa aje na mwenza wapime pamoja, akishapima anaona kamaliza kazi yake. Mimi naona mwenye uhitaji mkubwa wa darasa ni yeye. Mama akishashikwa na uchungu hawezi kukumbuka yale aliyofundishwa, kichwa chote kiko kwenye maumivu, na hiyo inaweza ikawa saa nane usiku mpo wawili tu chumbani, nani anaangalia saa? Nani anajua hii ni dalili ya kawaida au ya kukimbia hospitali? Kama baba hakufundishwa atabaki anapiga simu kwa mama yake mzazi na kwa jirani, kila mtu anamwambia lake.

Mfano kuhesabu uchungu. Mkunga mzuri atawafanyisha zoezi kabisa. Mama anasema "umeanza", baba anaandika saa, mama anasema "umeachia", baba anaandika tena. Kutoka kuanza hadi kuachia ndo urefu wa uchungu, na kutoka uchungu mmoja kuanza hadi unaofuata kuanza ndo mwachano wake, hapa wengi wanakosea wanahesabu toka ulipoachia. Uchungu wa uongo unakuja bila mpangilio, mama akitembea au akibadili mkao unapoa, wa kweli unazidi kukaribiana na kuwa mrefu na mkali hata afanye nini. Wenye mimba ya kwanza wanafundishwa sehemu nyingi kwamba ukija kila baada ya dakika 5, ukakaa kama dakika 1, na hali ikaendelea hivyo kwa saa 1, ni muda wa kwenda. Lakini huo ni ushauri wa mtu anayekaa karibu na hospitali, kama nyie mko mbali au barabara ni mbaya ondokeni mapema zaidi, msisubiri hizo dakika 5. Na chupa ikipasuka nendeni hata kama uchungu haujaanza, mwangalie na rangi ya maji, yakiwa ya kijani au kahawia mtoto ameshajisaidia ndani na wahudumu waambiwe hilo mapema.

Alafu kuna dalili za hatari, hizi baba azijue kwa moyo kabisa. Kutokwa damu wakati wa mimba, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, homa, mtoto kupunguza kucheza au kuacha, degedege. Kichwa na macho na kuvimba vinaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja, na kile hakisubiri asubuhi. Jamani mtu asiwaambie mimba ya kwanza ndo inakuwaga hivyo.

Kitu kingine mtakachofundishwa ni kujipanga kabla. Mtajifungulia wapi, usafiri wa usiku ni wa nani (dereva wa bajaji au bodaboda mwenye simu isiyozimwa, na mwingine wa akiba), hela iko wapi, nani anaweza kuchangia damu ikihitajika, nani anabaki nyumbani. Begi pia, na hapa ulizeni hospitali yenu yenyewe kwasababu kila sehemu ina orodha yake, nyingine wataka mje na glavu, pamba, mpira wa kutandika, kibana kitovu na beseni, nyingine vyote wanavyo mnabeba khanga na nguo za mtoto tu. Kadi ya kliniki inakaa juu kabisa ya begi.

Mazoezi ya kupumua watu wanayaona kama ya kizungu, kwenye filamu mama anahema haraka haraka mume kashika mkono. Yana historia yake. Daktari wa Ufaransa Fernand Lamaze alikwenda Urusi ya Kisovieti mwaka 1951 akaona wanawake wanaandaliwa kwa mafunzo ili wapunguze woga na maumivu, akarudi Paris akaanza kufundisha hivyo kwenye kliniki aliyokuwa akifanya kazi, na baadae Marekani daktari Robert Bradley akasisitiza sana mume awepo na awe ndo msaidizi. Siku hizi hakuna anayewalazimisha mhesabu pumzi kwa staili moja. Mnachofundishwa ni kupumua taratibu, kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko mnavyoivuta, mabega yalegee. Na baba anafundishwa kukandamiza mgongo wa chini wa mkewe kwa kiganja wakati uchungu umepanda, pale juu kidogo ya makalio, kwa nguvu na bila kusugua. Kwa mama ambaye uchungu wake uko mgongoni ni msaada mkubwa, ila lazima mjaribu kabla ili ajue nguvu kiasi gani.

Leba yenyewe mambo hayafanani. Hospitali nyingi za umma vitanda viko karibu karibu na pazia ni shida, kwahiyo baba anaishia getini, nyingine zinaruhusu mama mkubwa au dada. Ulizeni mapema, na kama haruhusiwi baba basi huyo ndugu atakayeingia naye afundishwe. Muelewe pia kwamba mkunga akisema njia imefunguka sentimita 3 maana yake bado, Shirika la Afya Duniani toka 2018 linahesabu uchungu umechanganya kuanzia sentimita 5, na si kila mama anafunguka sentimita 1 kila saa, mimba ya kwanza inaweza kwenda taratibu na bado mama na mtoto wakawa salama. Ndugu wakianza kuleta mitishamba ya kuharakisha uchungu baba akatae kwa heshima lakini akatae, dawa zile zinaweza kubana kizazi kwa nguvu kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au kizazi kikachanika.

Kwenye kunyonyesha ndo darasa linafaidisha kuliko watu wanavyodhani. Mtoto anawekwa kwenye titi ndani ya saa ya kwanza, yale maziwa ya mwanzo ya njano yana kinga, hayakamuliwi na kumwagwa. Akishika vizuri mdomo unakuwa wazi sana, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Akinyonya chuchu peke yake mama atachanika na mtoto hatashiba, alafu nyumba nzima itasema maziwa hayatoshi mpeni uji au maji. Miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Kitovu kibaki safi na kikavu, majivu na mate hapana. Haya mama hawezi kubishana nayo peke yake na mama mkwe, akiwa kachoka na ndo ametoka kuzaa, kwahiyo baba ndo wa kukaa na mama yake akamuelewesha kwa upole.

Mkijiandikisha ulizeni kama kuna kipindi cha baada ya kujifungua, madarasa mengi yanaishia mtoto akitoka. Mnatakiwa mjue kwamba pedi kubwa ikilowa chapachapa ndani ya saa moja ni kurudi hospitali hapohapo, na kwamba mama kulia lia bila sababu siku za mwanzo kunawapata wengi na kunapita, ila ikizidi wiki 2, au hali chakula, halali usingizi hata mtoto akilala, au anasema bora asingekuwepo, mpelekeni akaonwe, na baba ndo atakuwa wa kwanza kuona kwasababu ndo analala naye chumba kimoja.