Fedha za mbao zilikwenda wapi?

Mwenye nyumba amemlipa mkandarasi mpaka senti ya mwisho. Paa limeezekwa, rangi imekauka, familia imehamia. Baada ya miezi miwili inaingia barua kutoka duka la vifaa vya ujenzi ambalo hajawahi kulikanyaga: mbao zilizo juu ya kichwa chake hazijalipiwa, na duka limesajili dai juu ya nyumba yenyewe. Watu wa namna hii wakitufikia huja na maswali mawili. La kwanza ni la mshangao: nimeshalipa, nilipe tena? La pili ni la hasira: na huyu mtu bado ana leseni?

Nitayajibu kwa sheria za jimbo la California, Marekani, ambako leseni za makandarasi zinasimamiwa na Contractors State License Board, bodi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1929. Nianze na la leseni, maana ndilo linaloeleweka vibaya zaidi.

Wengi hudhani kudaiwa peke yake kunatosha kumponza mkandarasi. Hapana. Biashara ya ujenzi huendeshwa kwa mali kauli: mkandarasi anachukua saruji, nondo na mbao leo, analipa ankara baadaye mteja akishatoa malipo ya awamu. Karibu kila mkandarasi anadaiwa na mtu fulani wakati wowote utakapomuuliza. Kifungu cha 7120 cha Sheria ya Biashara na Taaluma ya California hakimwadhibu kwa hilo. Kinachomwadhibu ni kutolipa kwa makusudi deni lililoiva la vifaa au huduma, ilhali uwezo wa kulipa anao, au ilhali ameshapokea fedha za kutosha kwa ajili ya kazi ileile ambayo vifaa hivyo vilitumika.

Hicho kipande cha mwisho ndicho moyo wa jambo. Tuseme mkandarasi ana kazi mbili, nyumba ya mtaa wa juu na nyumba ya mtaa wa chini. Mwenye nyumba ya juu anatoa dola 12,000 za mbao. Mkandarasi anazitumia kulipa mishahara iliyochelewa kule chini, akiamini kwamba malipo ya chini yakiingia atarudisha. Hayaingii. Akihojiwa atasema, tena pengine kwa ukweli, kwamba hana kitu. Lakini kutokuwa na kitu leo hakumwokoi, kwa sababu fedha za mbao zile zilishapita mkononi mwake. Kifungu kingine, cha 7108, kinalitaja kosa hilo kwa jina lake: kuchepusha fedha zilizotolewa kwa kazi fulani. Ndiyo maana nasema mpelelezi wa bodi hafanyi kazi ya mkusanya madeni. Anafuata njia ya fedha.

Geuza mfano huo. Mwenye nyumba hajalipa awamu yake, mkandarasi naye mfukoni hana kitu. Deni la duka lipo na mahakama inaweza kumwamuru alipe, ila shauri la nidhamu chini ya 7120 litakuwa limepoteza mguu wake. Vivyo hivyo kwa mabishano ya kweli: mbao zilikuja zimepinda, mzigo ulikuja pungufu, mkandarasi akaandika siku ileile kukataa sehemu ya ankara. Huyo ana hoja. Kuna mwingine, na huyu ndiye anayenikera, asiyekuwa na malalamiko yoyote mpaka siku ya kulipa. Ndipo anapogundua ubovu wa mbao alizokwisha kuzipigilia misumari, ili apunguziwe nusu. Sheria imemwona pia. Kukana deni kwa uongo ili upate punguzo, au ili kumchelewesha anayekudai, nako ni sababu ya kuadhibiwa.

Majimbo hayafanani. Arizona, kwa mfano, imeweka kiwango: deni la vifaa au huduma lazima lizidi dola 750 ndipo suala liwe la nidhamu. Usichukue sheria ya jirani ukaipeleka kwenye bodi yako.

Muuzaji anayelalamika ajue uthibitisho unakwama wapi. Maduka mengi humfungulia mkandarasi akaunti moja na kurundika humo mizigo ya kazi zote. Mwisho wa mwezi kuna jumla, lakini hakuna anayeweza kusema ni mbao zipi zilikwenda nyumba ipi. Bila hilo, huwezi kuonyesha kwamba mkandarasi alipokea fedha za kazi hiyo akazila. Hati ya kupokelea mzigo yenye anwani ya eneo la ujenzi na sahihi ya aliyepokea ina thamani kuliko barua kumi za kudai.

Malalamiko yakithibitika, bodi inaweza kutoa faini, na kwa makosa mazito kufungua mashtaka ya kusimamisha au kufuta leseni, ambayo husikilizwa na jaji wa masuala ya kiutawala. Njia hiyo ni ndefu. Iliyo na meno zaidi kwa muuzaji, kwa maoni yangu, ni ile ya mahakamani. Chini ya kifungu cha 7071.17, mkandarasi aliyeshindwa kesi inayotokana na kazi zake za ujenzi ana siku 90 za kumjulisha msajili wa bodi kwamba hukumu ya mwisho bado haijalipwa. Asipolipa, leseni inasimamishwa, na hata kujipenyeza kwenye leseni ya kampuni nyingine kunazuiwa. Hapo ndipo simu zisizopokelewa huanza kupokelewa.

Kuhusu dhamana ambayo kila mkandarasi hutakiwa kuweka, tusidanganyane. Tangu Januari 2023 ni dola 25,000, lakini sehemu kubwa imetengwa kwa ajili ya wenye nyumba. Madai ya wengine, wauzaji wakiwemo, hayawezi kuvuka jumla ya dola 7,500. Hiyo ni kwa wadai wote kwa pamoja, si kwa kila mmoja.

Sasa turudi kwa mwenye nyumba na swali lake la kwanza. Jibu ni chungu: ndiyo, anaweza kujikuta analipa mara mbili, kwa sababu haki ya muuzaji kudai juu ya mali aliyoiboresha imeandikwa kwenye katiba ya jimbo. Dalili huwa zilikuja mapema, akazitupa. Muuzaji asiye na mkataba na mwenye nyumba hutakiwa kumpelekea notisi ya awali ndani ya siku 20 tangu alipoanza kuleta vifaa. Watu huisoma kama shutuma, wakakasirika, wakaitia kwenye taka. Si shutuma. Ni orodha ya bure ya watu unaotakiwa kuhakikisha wamelipwa kabla hujatoa awamu inayofuata. Kila jina lililo kwenye notisi, mwombe mkandarasi akuletee hati ya kuachilia dai kutoka kwa mhusika huyo, yaani maandishi kwamba hatadai juu ya nyumba yako. Ya masharti kabla cheki haijapita, isiyo na masharti ikishapita. Ukiwa na wasiwasi, andika cheki kwa majina mawili, la mkandarasi na la duka, ili asiweze kuitoa fedha peke yake.

Na malipo ya kuanzia kazi ya ukarabati wa nyumba yasizidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Anayeomba nusu ya fedha ili “akachukue vifaa” ameshavunja sheria kabla hajashusha msumari mmoja.

Kwa makandarasi waaminifu nina ombi moja la kazi za karani. Unapolilipa duka, andika kwenye cheki namba ya ankara na anwani ya nyumba. Usipoandika, muuzaji anaweza kuyapeleka malipo hayo kwenye deni lako la zamani la nyumba nyingine kabisa, na kesho vitabu vyake vitaonyesha kwamba fedha za mteja huyu hukuzifikisha.